Betri Zilizoanikwa Juani

Jumapili, 7 Juni 1998

Leo nimeondolewa kwenye kwaya. Miaka kumi na moja nimo!

Mwalimu Anatoli alitangaza baada ya misa kwamba tarehe kumi na tano Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, kwaya ya kigango chetu itarekodi kanda yake ya kwanza. Vigelegele. Mimi mwenyewe nilipiga kimoja, watu wakageuka kuangalia ni mwanaume gani anapiga kigelegele. Halafu Mwalimu akanivuta pembeni, karibu na ngoma, akaniambia kwa upole wake ule unaokera. Kwenye kanda mdomo mtupu hausikiki. Nikae benchi siku hiyo, na mazoezini pia nisijisumbue.

Mdomo mtupu! Nani alinipa? Ni yeye, mwaka wa kwanza, aliposikia nina sauti ya dume. Sauti ya kwanza siifiki, ya pili inanikwaruza. Sauti ya tatu, tena, na ya nne, besi, ni za wanaume, kwa hiyo akaniambia nisimame nyuma nifungue mdomo bila kutoa kitu. Nikakubali. Nilipenda sare, nilipenda kusimama na wenzangu.

Wifi yangu Anneth, anayeimba sauti ya kwanza, alinisindikiza hadi njia panda. Aliongelea kuni na maji tu. Nilitaka amseme Mwalimu.

Jumanne, 9 Juni 1998

Lazima niandike hili leo leo.

Ninayo redio kaseti. Mwaka jana nilibadilishana na mkimbizi wa kambi ya Warundi aliyepita hapa kijijini Kirushya akiuza vitu vyake, mikungu mitatu ya ndizi na debe la maharage. Kanda ilikuwa humo humo ndani. Sijawahi kuipiga, maana kanda inakula betri, kila mtu anajua. Mimi ni wa taarifa ya habari na matangazo ya vifo, basi.

Leo nilikuwa na hasira za kuharibu. Nikasema ziliwe! Betri zangu sita nilizianika juu ya bati tangu asubuhi, nikazing'ata kidogo kwa meno ya nyuma kama tufanyavyo wote, nikazirudisha, nikabonyeza.

Kwanza ngoma, taratibu. Kisha watu wanaitikia. Kisha —

Mwanamke. Sauti iko chini kabisa, nzito, haina haraka. Kirundi na Kihangaza chetu vinasikilizana, nilishika kila neno, ni wimbo wa Bikira Maria. Mimi binti yako, Mama, ingia ndani, mkeka umetandikwa. Binti! Anajitaja mwenyewe kwamba ni binti, na sauti yake ni hii yangu. Hii hii inayowafanya watoto kisimani waniamkie "shikamoo baba".

Nimekaa chini sakafuni. Nimelia, naandika wazi, hakuna wa kunisoma. Miaka thelathini na sita nilidhani niko peke yangu duniani.

Kwenye kanda kuna karatasi, kalamu ya bluu: Niragira na wenzake.

Jumamosi, 13 Juni 1998

Siku nne naimba. Shambani, jikoni, njiani. Sifungui mdomo mtupu, natoa! Jana nilikuwa napalilia migomba nikaimba wimbo wote kuanzia ngoma hadi mwisho, ngoma naipiga kwa mpini wa jembe. Jirani alisimama mpakani akauliza nimeleta kibarua wa kiume? Nikamwambia ndiyo, na hataki ujira.

Kanda nairudisha nyuma kwa kalamu ya risasi kuokoa betri. Kidole kimeota sugu. Usingizi ninaoupata siku hizi ni wa mtoto.

Jumapili, 14 Juni 1998

Nimegombana na Mwalimu mbele ya watu. Sijutii hata nukta.

Nilimwambia yuko mwanamke anaimba chini, yuko kwenye kanda, na kwaya nzima inamfuata yeye. Akacheka. Akasema amefundisha kwaya miaka ishirini hajaona mwanamke wa namna hiyo, sauti hizo Mungu amewapa akina baba. Wanaume wa besi wakacheka naye. Nikamwambia kwamba kutokuona kwake siyo ushahidi!

Ndipo akasema, na wote wamesikia: "Niletee hiyo kanda, Eustakia. Nikimsikia huyo mwanamke kwa masikio yangu, utasimama mstari wa mbele."

Mstari wa mbele! Kwenye kanda! Nimerudi nyumbani nikipanda kilima kama mbuzi.

Alhamisi, 18 Juni 1998

Betri zimekufa kabisa. Jua halisaidii tena, meno hayasaidii. Na siwezi kumpelekea Mwalimu kanda inayokwama. Kesho naenda Lusahunga kwa Idi, yule muuza kanda pale malori yanapolala. Anitolee nakala safi.

Ijumaa, 19 Juni 1998

Sitaki kuandika. Lakini nitaandika.

Idi ana kibanda kizuri, deki yake ya kupigia kanda inatumia betri ya gari, wateja wake ni madereva wa malori ya mpakani Rusumo. Kijana mstaarabu, wazazi wake ni wale Waswahili wafanyabiashara wa Biharamulo mjini. Akaweka kanda. Nikakaa kwenye kreti la soda, nimenyoosha miguu, nasubiri Lusahunga nzima imsikie ndugu yangu wa kwenye kanda.

Ngoma ikaanza mbio. Watu wakaitikia mbio. Kisha ikaruka sauti nyembamba, juu, juu kabisa, kama filimbi. Mimi binti yako, Mama, ingia ndani.

Nikamwambia Idi azime, mashine yake inaharibu kanda. Akazima, akaniangalia, akauliza taratibu: "Dada, nyumbani unatumia betri za namna gani?"

Nikamweleza. Za kuanika. Za kung'ata.

Hakucheka. Ningemshukuru kwa hilo siku nyingine. Alisema betri zikichoka kanda inazunguka polepole, na ikizunguka polepole sauti zote zinashuka. Hata msichana anakuwa babu. Akaiweka tena nisikie, akaligusa gurudumu la kanda kwa kidole kuipunguza mwendo, na hapo hapo akarudi yule ndugu yangu. Akaondoa kidole. Akapotea.

Kumbe hakuna mtu. Nimekuwa nikililia betri.

Jumapili, 21 Juni 1998

Sikwenda kanisani. Anneth alikuja na uji, nikamwambia naumwa kichwa.

Nawaza hivi. Mwalimu hajui chochote. Nikampelekea kanda pamoja na redio yangu na betri zangu chovu, nikaibonyeza mwenyewe, atamsikia mwanamke wa sauti nzito. Alisema kwa masikio yake. Basi, masikio yatakuwa yake.

Ni rahisi hivyo!

Halafu nisimame mstari wa mbele kwa ajili ya mtu ambaye hayupo? Niimbe nikijua? Hapana. Huko ni kurudi kwenye mdomo mtupu, ila na sare mpya.

Jumatatu, 22 Juni 1998

Nimeamka naimba. Nilishaapa nisiimbe, na nilikuwa nimefika ubeti wa pili ndipo nikajigundua. Chini kule kule, na wimbo unakaa vizuri tu.

Huyu Niragira ni mtu. Kanda ni yake. Nitamtafuta kambini nimrudishie. Angalau hilo nilifanye sawasawa. Jumatano ni gulio pale kambini, lori la maharage linatoka Jumanne.

Jumatano, 24 Juni 1998

Naandika nikiwa juu ya lori, mwandiko usamehewe. LEO!

Nilitaja jina kwa mwanamke wa kwanza niliyemkuta kwenye kanisa la turubai. Akaita mwingine, akaita mwingine, dakika kumi nimezungukwa. Niragira akaja na chungio mkononi, mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba. Nikamwamkia kwa lugha yetu, akaniitikia. Sauti ile ile ya filimbi, mpaka leo! Nikampa kanda mkononi. Akasoma karatasi. Mwandiko ni wake.

Idi, ambaye naye huuza pale siku za gulio, alikuwa ameshatandika vitu vyake, betri ya gari na deki na yote. Nikamwomba aipige. Wale wamama wakasikiliza wamesimama. Kila sauti ilipoingia Niragira aliitaja jina. Huyu yuko bloku ya jirani humu kambini. Huyu yuko Kigoma. Huyu hatujui aliko. Ngoma ni mume wangu, akasema, akaligeuza chungio mkononi. Wakati huo sikuwa na uso wa kusema habari za betri, lakini nilisema. Nilisema yote. Meno, bati, Mwalimu, mstari wa mbele.

Wakacheka! Walicheka hadi mmoja akakaa chini. Nilikuwa nasubiri aibu, ikaja hiyo, na ilikuwa tamu.

Niragira hakucheka sana. Akaniambia: "Iimbe hivyo ulivyoisikia."

Mbele ya watu wote wale. Gulio zima, kuku, nguo, sabuni. Nikafumba macho nikaimba. Chini, polepole, kama betri zangu zilivyonifundisha. Nilipofumbua, hakuna aliyekuwa anacheka. Mama mmoja alikuwa ameziba uso kwa kanga. Niragira akasema kule kwao Burundi walikuwa wanaukimbiza wimbo huu kwa sababu Mama alikuwa anaingia kila siku, mlango ulikuwa pale. Sasa, humu kwenye mahema, wanamngoja. Akasema hivi ndivyo unavyoimbwa na watu wanaongoja, na wao hawakuwahi kuwaza kuupunguza mwendo.

Kisha akaingia juu yangu. Mwendo wangu, sauti yake. Yeye juu kabisa, mimi chini kabisa, na wamama wakajaza katikati. Sijui niandike nini. Mifupa yangu ilikuwa inasikia.

Idi ndiye aliyekumbuka. Upande wa pili wa kanda ulikuwa mtupu. Akatafuna kipande cha karatasi, akaziba kile kitundu kinachozuia kurekodi, akatwambia turudie. Kwa betri ya gari, akasema, mpya ya mwezi uliopita, asije mtu akaleta maneno.

Tulirudia mara tatu. Ya tatu ndiyo iliyobaki.

Kanda yenyewe nimemwachia Niragira, ni yake, na ngoma ni ya mumewe. Mimi nina nakala aliyonitolea Idi, pande zote mbili. Ipo kifuani ndani ya blauzi. Lori linaruka kwenye mashimo nami nimeishika kwa mikono miwili na sijali nikidondoka, mradi nidondoke chali!

Jumapili, 28 Juni 1998

Nimempelekea Mwalimu baada ya misa. Nilimwambia maneno machache tu, kwamba imerekodiwa kambini, asikilize upande wa pili, na aweke betri mpya kabisa kwenye redio yake. Akashangaa kuhusu betri. Nikasisitiza mpya.

Akaitia mfukoni kama mtu anayechukua risiti.

Jumatatu, 29 Juni 1998

Kimya. Nimepalilia hadi kwa jirani bila kukusudia.

Jumanne, 30 Juni 1998

Anneth yuko nje, amekaa kwenye kinu kilicholala, anakunywa togwa yangu. Nimemwambia asubiri natafuta kalamu. Kalamu ninayo, ndiyo hii.

Amekuja na karatasi ya Mwalimu. Nainakili hapa neno kwa neno nisije nikadhani niliota. "Eustakia, nimemsikia. Nimemsikia mara sita, na nimewasikilizisha besi wote. Nilikosea na nimewaambia nilikosea. Tunamhitaji mwanamke huyo wa sauti ya chini tarehe kumi na tano. Andika jina lake kamili na bloku yake kambini ili niombe kibali atoke."

Atoke kambini! Kibali!

Nilicheka hadi Anneth akagonga mlango. Anasema jana mazoezini Mwalimu alipiga kanda mbele ya kwaya nzima, na mmoja wa besi, yule aliyecheka kuliko wote, alitoka nje kidogo akarudi na macho mekundu. Anasema tayari wanajifunza wimbo, mwendo ule ule wa polepole. Kisha akaniangalia. Anneth ameolewa jirani na nyumba yangu miaka minane, amenisikia nikiita mbuzi, nikifukuza nyani. Akaniangalia sana.

"Mwarimu kasema nisirudi bira jina, wifi," akasema. Na akarudi kukaa kwenye kinu, mgongo ameupa mlango. Mgongo unatetemeka. Analia au anacheka, sijui.

Karatasi iko mbele yangu. Nimeandika jina, Eustakia. Kwenye bloku nimeandika Kirushya, nyumba ya bati, kilima cha pili. Mkono wangu umenyooka kama wa karani.

Sasa nasikia mazoezi. Upepo wa kiangazi unatoka upande wa kigango, unaleta kila kitu. Ngoma, taratibu. Wanaitikia. Wanafika pale pa sauti ya chini — na wananyamaza. Wamepaacha wazi. Ngoma peke yake inapita hapo, inahesabu, halafu wanaingia wote pamoja.

Wamerudia. Wameacha tena. Nafasi ile naisikia kutoka hapa, ina upana wangu kabisa.

Anneth amesimama. Anasema twende, wanaanza ubeti wa kwanza. Kutoka mlangoni hapa hadi kigangoni ni kilima kimoja na bonde, na sauti yangu kwa mbuzi inafika mbali zaidi ya hapo.

Ngoma inahesabu. Naweka kalamu, nafungua mdomo —