Darasa Liitwalo Lafudhi

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Najua ungeitikia huku umegeuza uso kuficha kicheko, maana hukuwahi kuzoea kuamkiwa kwa adabu na mtu aliyekuwa akikuibia karanga mfukoni. Nakuandikia kwa sababu uliondoka kabla sijakusimulia mwisho wa habari ya programu yako. Barua yangu ilifika Mwanza wakati wewe tumeshakuzika hapa Bugene, nyuma ya migomba ya Baba. Ikarudi haijafunguliwa. Kwa hiyo sasa naiandika wazi, watu wote wasome, na wewe usikie huko uliko.

Unaikumbuka siku ulipoleta kompyuta ya kwanza? Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya tisini. Ulishuka kwenye basi la Bukoba umepakata skrini iliyofungwa kitenge, hukutaka kondakta aiguse. Mama akakupokea akasema, "Mbona huyu mjukuu wangu ana kichwa kikubwa hivi?" Mimi nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ya usharika, najivuna na taipureta yangu iliyokuwa haina herufi ya Z. Ulipoiwasha ile mashine, jenereta ikinguruma nje, na jina langu likatokea kwenye kioo bila karatasi wala wino, nilirudi nyuma hatua mbili. Ulinicheka wiki nzima kwa hatua zile mbili.

Ulikuja kwa ajili ya watoto. Wakimbizi walikuwa wamesharudi kwao Rwanda, lakini nyuma yao walibaki watoto waliopotezana na wazazi wao njiani, na familia za huku zikawachukua wakalelewa kwenye migomba na kahawa kama watoto wengine. Wainjilisti wa kila kijiji waliandika majina yao kwenye madaftari, Nyabiyonza la kwao, Kituntu la kwao, kila mmoja kwa sikio lake. Wewe ukakaa juma zima unayasoma yale madaftari, ukanyanyua kichwa ukaniuliza, "Umeona ugonjwa wetu?"

Sikuuona. Ukanionyesha. Pale ambapo alfabeti ina herufi mbili, L na R, sisi Wanyambo tumezaliwa na moja. Tunasema kalamu na karamu kwa mdomo uleule, na tukiandika tunachagua yoyote iliyo karibu na kidole. Mtoto aliyeitwa Rugira na mama yake kaandikwa Lugila, mama akija kuuliza, mwinjilisti anafungua ukurasa wa R, hayumo, pole mama, jaribu kwingine. Mtoto yupo nyumba ya tatu kutoka pale.

Basi ukaandika programu mbili kwa Java. Ya kwanza uliiita Tafuta, hiyo ya kuuliza jina na kupekua majina yote. Ya pili ilikuwa fupi, maktaba ndogo ya kuisaidia ya kwanza, kazi yake ni kuzifanya L na R ziwe herufi moja kabla ya kutafuta. Uliiita Lafudhi. Uliniambia kwamba kwenye Java kila kipande cha programu huitwa darasa, na darasa moja huliita jingine kwa jina. Nilikaa nikikutazama, Dada yangu niliyekuwa nikilala naye kitanda kimoja, nikajiuliza hayo yote ulikuwa umeyaweka wapi siku zote.

Mashine ile ya kwanza ilikufa mwaka uliofuata, tulipokuwa tumemaliza tu kuingiza majina. Jenereta ilikohoa mara moja, moshi ukatoka nyuma ya kompyuta, kwisha habari. Usharika ukapewa nyingine, lakini ndani yake hamkuwa na Java wala jina la mtoto hata mmoja, na madaftari tulikuwa tumeshayarudisha vijijini. Wewe ulikuwa Mwanza na kile kikohozi ambacho kwenye barua ulikiita mafua. Hata hivyo ulitafuta nakala zako, ukampa kondakta bahasha: CD ya Java, disketi mbili zenye programu na majina ya watoto, na kurasa nne za maelekezo kwa mkono wako.

Bahasha ilifika Jumatatu. Mama Rukundo naye alifika Jumatatu hiyohiyo.

Unamkumbuka, yule mama Mnyarwanda aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya Nyabiyonza. Wenzake walirudi kwao, yeye akabaki analima migomba ya watu kwa sababu alimpoteza binti yake barabarani akiwa na miaka minne. Alikuwa na kipande cha karatasi alichoandikiwa na mtu, RUKUNDO, herufi kubwa, na alikuwa amekitembeza kila usharika mpaka mikunjo yake ikatoboka. Hakujua kusoma. Siku hiyo alikuja kuniambia kwamba kaka yake amepata lori, Jumamosi wanavuka mpaka, na akivuka hana hakika ya kurudi tena. "Mwanangu," akaniambia, "ile mashine yenu iulize mara moja tu. Ikisema hayupo, nitaamini."

Dada, niliifungua bahasha palepale. Nikaanza kufuata kurasa zako. Umeandika kwamba mashine mpya ni kama mgeni aliyeshuka Bugene leo, haijui nyumba ya mtu, sharti uielekeze. Nikaielekeza njia ya Java, nikakosea mkwaju mmoja, kile kistari cha mshazari, nikarudia. Halafu nikafanya ujinga ambao sikukuambia kwenye simu. Lile faili kubwa la madarasa lililofungwa, wewe uliandika na kupiga mstari: usilifungue, mashine hulisoma likiwa limefungwa. Mimi nikaona naisaidia. Nikalifungua, kama mtu anayefunua chungu cha ndizi kila dakika kuona kama zimeiva, na Java yote ikagoma. Jumanne nzima ikaenda hivyo.

Jumatano nikaweka upya kila kitu kutoka kwenye CD, safari hii nikitii. Nikaandika ile orodha ya njia za madarasa, na mbele kabisa nikaweka nukta moja. Uliandika, "Nukta maana yake hapa ulipo. Watu hutafuta mbali wakasahau hapa walipo." Nikaiita Tafuta. Ikaanza! Nilipiga ukelele. Halafu ikasimama ikaandika kwamba haikulipata darasa liitwalo Lafudhi.

Nikapekua disketi zote mbili. Halimo. Kumbe kwako lilikaa kwenye folda nyingine, mashine yako ilikuwa ikiliona siku zote, na wakati wa kunakili ukalisahau. Kwako inafanya kazi, kwangu haifanyi. Nikapanda baiskeli mpaka posta ya Kayanga kukupigia simu ofisini kwako.

Sauti yako ilikuwa nyembamba. Nilipokueleza ukasema, "Mimi ni mpumbavu. Shika kalamu." Ukaanza kunisomea darasa zima kutoka kichwani, Dada, bila karatasi, huku unakohoa. "Jina lake herufi kubwa mwanzoni, usisahau. Halafu mabano yenye kiuno, fungua." Mimi narudia kwa sauti maana simu inakwaruza: "Mabano yenye kiuno, fungua! Nukta mkato! Mabano yenye kiuno, funga!" Foleni nzima nyuma yangu ikakaa kimya kusikiliza. Mzee mmoja akauliza, "Huyu binti anaongea na nani, mbona anafungua na kufunga tu?" Tulipofika kwenye mstari wenyewe wa kugeuza herufi, ukakumbuka kwamba sote wawili ni Wanyambo. Ukasema, "Herufi ya kumi na mbili ya alfabeti ya Kiingereza igeuzwe iwe ya kumi na nane," na mimi nikahesabu kwa vidole mbele ya foleni, nikahakikisha mara mbili. Pale tulikuwa makini kweli.

Mwisho ulisema, "Ikifanya kazi, niandikie. Usipige, niandikie, nipate kitu cha kusoma." Ndiyo mara ya mwisho kusikia sauti yako. Ningejua, ningekuuliza mambo mengine.

Alhamisi asubuhi jenereta ilipowashwa nikaliandika darasa lako lote. Java ikalikubali kimya kimya, bila kosa hata moja. Nikaiita Tafuta. Ikasimama palepale: haikulipata darasa liitwalo Lafudhi.

Nikafungua orodha ya mafaili, nalo lilikuwepo, nimelitengeneza mwenyewe, liko hapo linanitazama! Nikaikagua nukta. Nikakagua mikwaju. Nikazima mashine, nikawasha. Nikaiambia maneno ambayo mpiga chapa wa usharika hapaswi kuyajua. Mama Rukundo alikuwa amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, mzigo wake wa safari umeshafungwa. Saa saba jenereta ingezimwa, na Ijumaa usharika haukuwa na mafuta ya kuiwasha.

Ikabaki kama nusu saa. Akanyanyuka, akaja kusimama begani kwangu.

"Unatafuta kipi, mwanangu?"

"Hiki hapa juu," nikamwonyesha. "Inasema hakipo. Na hiki hapa chini, kipo! Ni kilekile, mama, jina lilelile."

Akasogeza uso karibu na kioo. Akatoa kile kikaratasi chake, akakiweka juu ya skrini, akakishusha kwenye jina la chini, akakipandisha kwenye jina la juu.

"Si kimoja," akasema. "Hiki cha chini kinaanza kama mwanangu. Cha juu hakianzi kama mwanangu."

Nikatazama. Juu: Lafudhi. Chini: Rafudhi.

Dada, kwenye simu ulisema "Rafudhi". Wewe mwenyewe, mtaalamu wa Mwanza, uliyeutambua ugonjwa wetu ukautengenezea dawa, jina la dawa ukalitamka kwa ugonjwa uleule, na mimi mgonjwa mwenzako nikaliandika nilivyolisikia. Asubuhi nzima nililisoma kwa macho yangu mawili nisione, kwa sababu nilikuwa nasoma kwa sikio. Yule mama hakuwa na herufi ya kumdanganya. Yeye alijua umbo moja tu duniani, la mwanzo wa jina la mwanawe. Nilishikwa na kitu ambacho sijui nikiite woga au furaha.

Nikabadilisha ile herufi, kwenye jina la faili na ndani ya darasa lenyewe, nikalitengeneza upya. Nikaiita Tafuta. Ikauliza: Andika jina. Nikaandika Rukundo, herufi moja moja, nikimtazama mama kila baada ya herufi.

Yakaja majina mawili. La kwanza lilikuwa la mvulana. La pili: Lukundo, msichana, Kituntu, alikutwa kando ya barabara, haongei, analelewa na Ma Anastazia.

Mama Rukundo alikuwa amekwenda Kituntu mara mbili. Mara zote mbili mwinjilisti alifungua ukurasa wa R kwa moyo safi kabisa, akamwambia hayumo.

Nilimsomea. Hakulia. Aliniambia nisome tena, nikasoma, akaniambia tena. Jenereta ikazimwa nikiwa nasoma mara ya nne, kioo kikawa cheusi, nikaendelea kusoma kwa kichwa. Nimeishi na kompyuta miaka mingi sasa, nimeziona kubwa na ndogo, na watu huniuliza kwa nini bado nazistaajabia kama mshamba. Siwezi kuwaeleza. Ulikuwa umelala Mwanza na homa, na maneno uliyoyatoa kifuani kwako kupitia waya wa posta yalipekua watoto wote wa Karagwe yakamkuta mmoja.

Ijumaa tulitembea mpaka Kituntu, mimi na yeye. Tulimkuta Ma Anastazia anamenya ndizi mlangoni. Alipoelewa tumefuata nini aliweka kisu chini, akajifuta mikono polepole, akasema, "Lakini huyu ni wangu. Anajua Kinyambo tu. Mwenyewe hakumbuki kwao wala lugha yao. Mtajuaje kwamba ndiye?" Na kweli, Dada, tungejuaje? Sote watatu tukageukia uani. Mtoto alikuwa huko anaanua kahawa kwenye mkeka, ametupa mgongo, msichana wa miaka minane mwenye shingo ndefu. Ma Anastazia akamwita, "Luku!" naye akaitika kwa Kinyambo, "Waitu," bila kugeuka, kama mtoto yeyote wa hapa.

Ndipo mama yake akaita. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Rukundo," na ile herufi ya kwanza ikatoka kama inavyotoka kwao.

Mtoto akaitika, "Karame!"

Halafu akaduwaa, mkono juu ya mdomo, akitutazama kama vile kuna mtu mwingine aliyeongea. Ma Anastazia akaniuliza kwa kunong'ona, "Amesema nini? Hilo neno hapa halipo." Mama Rukundo ndiye aliyemjibu, akiwa tayari amepiga magoti kwenye kahawa. Akasema hivyo ndivyo mtoto wa Rwanda humwitika mama yake.

Lori la Jumamosi liliondoka bila wao. Walikaa kwa Ma Anastazia mpaka mtoto alipozoea, wakaondoka wote watatu wakilia, Ma Anastazia akabaki mpakani.

Pumzika, Dada yangu. Hukuwa mpumbavu hata siku moja. Uliniambia nikuandikie ikifanya kazi.

Ilifanya kazi.

Mdogo wako,
yule mwizi wa karanga