Maua Mbele ya Dirisha la Papa

Jumanne, 2 Julai

Nimemwagilia kabla jua halijatoka. Kiangazi hiki hakina huruma. Nimekata maua yaliyonyauka, nimenyunyiza maji ya sabuni kwenye vidudu vya kijani, nimerudishia maganda ya mpunga kwenye mashina ili udongo usipasuke. Waridi zangu ziko vizuri. Fupi, hazifiki gotini, nyeupe, zimebanana kama watoto kwenye mkeka mmoja.

Papa, baba yangu, ameamka vibaya kidogo. Miguu bado imevimba. Tangu ilipokataa kumbeba, niligeuza kitanda chake mimi mwenyewe kielekee dirishani, ili akifumbua macho aone maua kwanza. Anaangalia huko mchana kutwa. Hiyo tu inanipa nguvu ya kubeba ndoo.

Baba mdogo Wilondja amekuja kutoka Lweba kumsalimia. Amekaa ndani kidogo. Kisha akatoka uani, akaanza kutembea kwa hatua ndefu kutoka jikoni mpaka kwenye ukuta wa jirani, midomo ikihesabu. Akafika kwenye waridi, akasimama, akatikisa kichwa. Sijapenda.

Ijumaa, 5 Julai

Nimejua. Alikuwa anapima kilio.

Etabo, mdogo wangu, ndiye aliyeniambia mimi dada yake, macho chini. "Yaya, bache haitaingia na ile maua pale." Bache! Turubai la waombolezaji! Papa anakula uji, anasikiliza redio, anagombana na mimi juu ya chumvi, na ndugu zake wamekwisha kupanga watu watakaomlilia watakaa wapi. Viti wataazima kanisani. Masufuria kwa shangazi. Kila kitu tayari. Kinachokosekana ni mtu kufa, na kitalu changu kung'olewa.

Nina hasira. Nimeshona zipu kinyume kwenye sketi ya mteja. Nimefumua. Nimekosea tena. Nimefunga cherehani.

Najua watasema nini. Mzee wa nyumba ya pili alipofariki, uwanja haukutosha. Akina mama walikaa kando ya barabara, pikipiki zikipita katikati ya nyimbo, na watu wa mji huu wa Baraka wanaisimulia aibu ile mpaka leo. Sawa. Lakini yule mzee alikuwa amekufa kwanza.

Jumamosi, 6 Julai

Nimezungushia kitalu fito na kamba. Jirani ameuliza kama mbuzi wamerudi. Nimemwambia ndiyo, mmoja, mkubwa, anatoka Lweba.

Jumapili, 7 Julai

Mkutano wa familia baada ya misa. Uani, kwa sauti ya chini, eti mgonjwa asisikie. Dirisha liko wazi! Wilondja alianza na methali, akapita kwa mababu, akazunguka mlima mzima kabla ya kufika kwenye maua. Kwamba nyumba isiyo na uwanja ni nyumba isiyo na watu. Kwamba maua hayaliwi. Kwamba mimi ni mtoto wa kike na nimesoma, nielewe.

Nikasimama. Nilimwambia kwamba mwenye haraka ya kilio akalilie kwake. Nilimwambia kwamba tai huwa anangoja, yeye hata kungoja hawezi. Mbele ya wote. Mbele ya wake zake, waliokuja mkutanoni kutoka Lweba.

Shangazi akashika kichwa. Sasa natakiwa kuomba msamaha na kuku mkononi. Sitaomba. Hata yai hapati.

Nilipompelekea papa chai alikuwa ameelekea dirishani. Nikajua tuko upande mmoja.

Jumatano, 10 Julai

Joto. Majani ya chini yana madoa meusi, nimeyatoa na kuyachoma. Shina moja limetoa tawi refu kutoka chini kabisa, lenye nguvu kuliko mengine yote. Nimelikata. Ukiliacha linakula chakula cha wengine. Ninao jamaa wa namna hiyo.

Hakuna anayejua kazi niliyofanya hapa. Miche ya kwanza niliiteremsha kutoka Fizi, huko juu kwenye baridi. Wakaniambia Baraka itaiua. Kweli iliiua. Nikarudi kuchukua mingine. Nikaotesha vijiti chini ya chupa za plastiki zilizokatwa, nyuma ya jiko, kwenye kivuli. Samadi ya mbuzi. Majivu kidogo. Mvua zikija naikinga, jua likija naikinga. Papa alikuwa ananicheka wakati huo. "Maua haiingiake mu sufuria, mama." Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Leo hacheki. Leo anaangalia tu, saa nzima bila kupepesa.

Wilondja hajaondoka. Analala kwa Etabo. Hatusalimiani.

Ijumaa, 12 Julai

Wameng'oa.

Nilikwenda Swima asubuhi kupeleka nguo za kwaya. Nimerudi jua likiwa bado kali. Fito zimelazwa ukutani. Kitalu ni udongo mtupu, umesawazishwa, umemwagiwa maji, umekanyagwa ukawa mgumu. Waridi zangu lundo moja karibu na choo, mizizi juu. Nyingine bado zina matumba meupe, hazijui kwamba zimekufa.

Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Niliita majina ambayo sijawahi kuyataja mbele ya watu wazima. Wilondja alikuwa ameketi jikoni anakula samaki, akaendelea kula. Jembe lake lilikuwa limeegemea mlango. Nililichukua, nikalitia chooni. Nikasikia likifika chini. Hiyo ndiyo raha pekee ya siku hii.

Etabo anataka kuniambia kitu. Nimemfungia mlango.

Jumamosi, 13 Julai

Kikulacho ki nguoni mwako.

Si Wilondja. Ni papa.

Aliniita asubuhi. Niliingia tayari kumpa pole. Nilikuwa nimeyapanga maneno, kwamba nitaotesha mengine, asivunjike moyo. Akaniambia nikae. Akasema ni yeye aliyemwita Wilondja kutoka Lweba. Ni yeye aliyesema apime. Ni yeye aliyengoja mimi niende Swima, akawaambia sasa.

Nikamwuliza, na kutazama kote kule? Siku zote hizo dirishani?

"Mi nilikuwa naangalia fasi, mama. Bantu batakaa wapi? Sitaki banilie mu barabara."

Fasi. Alikuwa anaangalia nafasi ya watu kukaa. Mimi nimegeuza kitanda ili aone maua, na yeye juu ya maua anapanga viti. Asubuhi zote nilizoinama pale na ndoo, nilikuwa mbele ya macho yake kama mtu aliyesimama mlangoni asiyetaka kupisha.

Mbona hukuniambia? Akasema, ningekwambia ungekataa. Kweli ningekataa. Ndiyo maana nina hasira zaidi.

Nikatoka. Sikumwosha miguu. Etabo amemwosha.

Jumapili, 14 Julai

Sikwenda misa. Nina hasira na mgonjwa. Hiyo ni dhambi, najua. Bado ninayo.

Alhamisi, 18 Julai

Nimempikia, nimembadilishia mashuka, sijamwambia neno lolote zaidi ya "inua mkono". Na yeye ananyamaza. Wote wawili vichwa vigumu. Wanasema nimemrithi yeye.

Kwenye lundo nilikata vijiti vilivyokuwa bado na ubichi, nikavichomeka kwenye makopo. Vimekuwa vyeusi. Kiangazi si wakati wa kuotesha, hata mjinga anajua. Nimemwaga udongo.

Wilondja amerudi Lweba. Alipita kuniaga. Hakudai kuku, hakudai jembe. Akasema tu kwamba na yeye aliposikia ombi la kaka yake alilia, na kwamba alitembea hatua ndefu ili zisiwe nyingi, amalize upesi. Nikamsindikiza mpaka barabarani.

Inanichukiza kwamba sina tena wa kumkasirikia ila yule ninayemlisha.

Jumapili, 28 Julai

Papa ameomba kutolewa nje. Ni muda mrefu hajatoka. Etabo alimshika kwapa hili, mimi lile. Amekuwa mwepesi. Tukamweka kwenye kiti chenye mikono, katikati ya mahali palipokuwa na kitalu. Pamekauka, pamekuwa pagumu kama sakafu.

Alikaa kidogo akivuta pumzi. Kisha akamwambia Etabo alete viti vyote vya nyumbani. Na mkeka. Nilielewa kabla Etabo hajaelewa. Nilitaka kupiga kelele. Sikupiga.

Akaanza kuonyesha kwa kidole. Wanaume upande huu. Wazee wa kanisa pale, karibu na ukuta. Kwaya huku, wasizibe njia. Masufuria nyuma ya jiko, moshi usiwafuate watu. Wilondja akae pale, mbele, asiwekwe nyuma. Etabo anahamisha viti, anafuta uso kwa mkono wa shati. Papa alikuwa anaona raha. Sijamwona hivyo tangu miguu ilipoanza kuvimba. Kiti kimoja alikihamisha mara mbili.

Mkeka akaagiza utandikwe karibu na mlango. Hapo ndipo wanapokaa mabinti wa marehemu, chini. Akaniangalia.

Nikakaa. Nikanyoosha miguu mbele yangu. Hasira ilikuwapo, lakini imechoka, haikuweza kusimama. Tukatazamana, yeye kwenye kiti chake, mimi kwenye mkeka wangu, na viti vitupu vikituzunguka. Nikaweka mkono juu ya macho nipate kumwona vizuri.

"Kuko jua hapo?" akauliza.

"Kuko, papa."

Akamgeukia Etabo, akamwambia bache isogezwe upande huu.