Ndege ya Mkwe Wangu

Jumapili, 3 Machi

Ndege wameifungia mabawa! Mwaka mzima nasema ule ni upuuzi, mwaka mzima nakataa kukanyaga ua wa mkwe. Leo mke wangu kanivuta mkono hadi ndani. Nikabaki mdomo wazi. Lidude limejaa ua wote, bawa moja limefika kwenye kamba ya nguo. Mtu ameanika soksi juu yake!

Mkwe ni fundi redio. Redio! Ndege kajifunzia kwenye simu. Injini ya gari dogo. Kiti cha plastiki kilichokatwa miguu. Turubai la mabawa kalishona binti yangu, kitinda mimba wangu, ambaye kazi yake ni kufundisha watu kushona sare. Panga la mbele la mbao kalichonga jirani yetu seremala. Nikamwambia hilo pangaboi litawakausha jasho, basi. Watu wakacheka. Mimi nikisema, watu hucheka.

Nimechomelea vyuma miaka arobaini na moja. Mageti, ngazi, minara ya matenki. Hakuna mshono wangu uliowahi kuachia. Hakuna! Wananiita Mzee Cheche si bure. Tangu mwaka jana nilikula kiapo mbele yao wote: hata tone la kazi yangu haliingii kwenye jeneza lile.

Naandika herufi kubwa, mistari mitatu inajaza ukurasa. Daftari langu, kalamu yangu.

Jumanne, 5 Machi

Siamini. Nimekaa hapa tangu saa sita na siamini.

Nilidhani anayeruka ni mkwe. Aruke, ana akili zake. Kumbe wamekwenda kwa muuza vyuma chakavu, wakapanda mizani mmoja mmoja. Mkwe mzito. Seremala mzito zaidi, mizani ilipiga kelele. Aliyekuwa mwepesi ni nani? Binti yangu!

Nikamfuata. Nikasema mwanangu, wewe ni mama wa watoto wawili. Akasema baba, ni kunyanyuka kidogo tu, urefu wa nguzo ya umeme, halafu nashuka. Kwenye ile barabara iliyonyooka ya kiwanda kilichofungwa. Jumamosi ya wiki ijayo. Amefanya mazoezi ya kukimbiza mtambo chini mara kumi na moja. Mara kumi na moja! Mke wangu alikuwa anajua. Jirani alikuwa anajua. Mimi tu nilikuwa kama mgeni wa jana.

Nikauliza chuma kakichomelea nani. Akasema mafundi. Akageuka kumenya vitunguu.

Alhamisi, 7 Machi

Ee Mungu.

Nimekwenda mchana, mkwe yuko dukani kwake. Nilitaka kukagua kazi ya hao mafundi, niitoe kasoro moja baada ya nyingine. Ilikuwa furaha yangu kabisa. Nikapitisha kidole gumba kwenye bomba, pale bawa linaposhikana na mwili. Nikakuta nukta nne.

Nukta nne, mraba, kama za dadu. Ni alama yangu. Nagonga kwa msumari mgumu kila nikimaliza kazi. Hakuna mwingine.

Nikazunguka upande wa pili. Nukta nne. Chini ya kiti. Nukta nne. Nikakaa chini kwenye vumbi.

Mwaka jana binti aliniletea bomba mara tatu. Akasema ni stendi ya tenki la maji, pale wanapofundishia ushonaji. Nikachomelea, nikamwambia hata tenki la jiji zima litakaa. Sikuuliza kwa nini stendi ya tenki ina pembe za ajabu vile. Nimeitengeneza ndege mimi! Kwa mikono yangu miwili!

Ijumaa, 8 Machi

Hapa hasomi mtu. Basi niandike.

Jicho la kulia lina ukungu tangu mwaka juzi. La kushoto linafuata. Uso wa mtu nauona kama uko nyuma ya kioo cha bafuni chenye mvuke. Sijamwambia yeyote. Nani atampa kazi mchomeleaji asiyeona?

Kazi naifanya kwa sikio. Moto ukikaa vizuri, chuma kinalia kama mafuta kwenye kikaango, sawasawa, bila kukatika. Ukikosea, kinatema tema. Kwa sikio nimefanya mageti tisa, na yote yamesimama. Nani mwingine anaweza?

Lakini mzigo wa tatu. Nakumbuka siku ile. Ilikuwa mvua, na karakana yangu ina bati. Mvua ile ilikuwa inapiga bati kama kokoto zinamwagwa. Sikusikia chochote. Ningesubiri ikatike. Binti alikuwa amesimama pale mlangoni, anangoja, na mimi si mtu wa kungoja mvua. Nikachomelea. Nikagonga nukta zangu.

Mzigo wa tatu ulikuwa upi? Bawa lipi?

Jumamosi, 9 Machi

La kushoto.

Nimelipapasa wakati wanakunywa chai. Rangi ya bluu imefunika, kwa macho pazuri. Chini yake ukucha wangu umeingia. Umeingia kabisa. Mshono umelala juu ya bomba kama kamasi iliyokauka, haukushika.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemuuliza mkwe, kwa ujanja, kama mtu anayepiga porojo tu. Je, mishono mmeipima?

Akasema yote, baba mkwe. Ile mishono michache ya kijana wa sokoni tuliipiga nyundo mmoja mmoja, miwili tukaikata tuone ndani, mmoja tukautupa. Halafu akacheka, akasema kuna mingine hatukuipiga hata nyundo moja. Ingekuwa kumvunjia mtu heshima.

Mtu gani, nikauliza.

Akasema fundi mmoja mzee. Mkali kidogo.

Nikaondoka. Sikuaga.

Jumatano, 13 Machi

Nimejaribu kila njia isipokuwa moja.

Nimemwambia mke wangu amkataze binti. Kanitazama — nadhani kanitazama — akasema wewe ulipanda mnara wa tenki kwenye upepo nikiwa na mimba ya huyo huyo, nikalia chini mpaka sauti ikakauka, ulishuka? Nikasema mimi ni mwanamume. Akasema haya, mwanamume, sogeza miguu nifagie.

Nimemwambia seremala aseme panga limepasuka. Mara moja tu, uongo mdogo. Akacheka mpaka akakohoa. Cheche, wivu utakumaliza! Watoto wanapaa, wewe umebaki na mageti yako!

Nikamwambia huna akili. Akasema akili ninayo, ila nimeikopesha kwa mkweo.

Nikasema upepo utakuwa mbaya. Nikasema polisi watakuja. Nikasema nimeota ndoto. Kila mtu anasema mzee kaanza. Kumbe ukipinga jambo mwaka mzima kwa sababu za kijinga, siku ukipata sababu ya kweli hakuna wa kukusikiliza.

Neno moja lingetosha. Halitoki.

Alhamisi, 14 Machi

Leo kaja mwenyewe. Kakaa kwenye kigoda changu cha kazi, akasema baba, nina kosa.

Akaeleza yote. Stendi ya tenki ilikuwa uongo. Akasema mkwe wako alitaka kumlipa fundi wa mjini mwenye vyeti, mimi nikakataa. Nikamwambia siketi juu ya mshono wa mtu nisiyemjua. Nikikaa, nikae juu ya mikono ya baba yangu. Ulikuwa umeapa, ningefanyaje? Nisamehe.

Tulikuwa peke yetu. Mlango umefungwa. Nafasi ile Mungu mwenyewe aliniwekea.

Unajua nilisema nini? Nilisema: ile mishono inabeba tembo.

Nilisema hivyo! Mdomo huu! Ulitoka wenyewe, kama miaka yote. Akanikumbatia. Akaenda zake anaimba.

Ijumaa, 15 Machi

Sikula.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika hapa hapa barabarani, nimekalia kreti ya soda. Wote wananitazama, afadhali mkono uonekane una kazi.

Tulifika saa moja asubuhi. Watu kama thelathini. Mkwe kafagia mawe barabara nzima kwa ufagio wa nyumbani. Binti kavaa helmeti ya pikipiki, kakaa, kajifunga mkanda. Injini ikawaka. Turubai likaanza kutetemeka, na mimi nikalisikia bawa la kushoto. Labda sikulisikia. Labda ni moyo wangu.

Nikaenda nikasimama mbele ya panga.

Mkwe akapiga kelele, baba mkwe, toka! Nikasema leteni nyundo. Nyundo ya nini? Nikasema mpige mshono wa bawa la kushoto, ule wa chini. Ni mbovu.

Nani kasema?

Aliyeuchomelea.

Wakacheka! Seremala akashika tumbo. Sikilizeni, Mzee Cheche kasema kazi yake mbovu, leo jua litazama saa nne! Mtu mwingine akasema mbinu mpya hiyo, zile za polisi na ndoto zimekwisha. Hata mkwe, anatabasamu, kanishika bega taratibu kama mtu anayemtoa mlevi harusini. Nikamsukuma. Nikasema siku ile mvua ilikuwa inanyesha, sikusikia. Wakacheka zaidi. Sikusikia! Kwani anachomelea kwa masikio?

Ndiyo, nikasema. Kwa masikio.

Binti kazima injini.

Nimemsikia anafungua mkanda. Kashuka. Hakuja karibu, kasimama pale pale penye bawa, hatua kama ishirini. Namwona kama doa jekundu, ni lile koti lake. Hakuuliza habari ya mshono. Hakuuliza mvua.

Akasema: Baba. Nimeinua vidole vingapi?

Vicheko vikapungua. Mke wangu akasema wewe mtoto, usimfanyie baba yako mchezo mbele ya watu. Binti akarudia. Vingapi, baba?

Ningesema jua linanipiga usoni. Ningesema heshima yako iko wapi. Nikakaza macho mpaka yakatoa machozi. Doa jekundu, na kitu kama mkono.

Nikasema vitatu.



Halafu akasema, polepole, sauti yake ya utotoni kabisa: Baba, mikono yangu iko mfukoni.

Ndipo waliponikalisha kwenye kreti. Nasikia sanduku la vyombo linafunguliwa, mtu anapekua chuma juu ya chuma, anatafuta, bila shaka nyundo. Nimeuliza ni nani. Mke wangu kajibu, ni mimi, kaa hapo hapo.