Njia ya Nyangumi na Harusi ya Mwanaheri

Ngara Mjini,
14 Desemba 1993.

Mpendwa mdogo wangu Anuar,

Marahaba kwa shikamoo yako, ingawa imechukua wiki tano kunifikia. U hali gani huko baharini kwenye baridi? Kifua kimepona? Unakula, au bado unachaguachagua kama ulivyokuwa kwa mama? Sisi hatujambo, alhamdulillah. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo wake mzima kabisa.

Asubuhi hizi ukungu unajaa mabondeni, vinaonekana vilele vya vilima tu. Tangu nisome barua yako nasimama mlangoni na chai yangu, nawaza labda nyangumi wako anapita humo chini, taratibu, mwanawe ubavuni. Mume wangu Abbasi ananiuliza naangalia nini. Nakunywa chai yangu.

Nimeelewa ulivyoniandikia. Nyangumi na mwanawe hawaonani kwenye giza la maji, wanaitana. Meli zikipita kwa kasi mngurumo unafunika sauti zao, na nyingine zinawagonga. Watu wa pwani mtakayopita wamewaomba mpunguze mwendo na mzunguke mbali. Si sheria, ni ombi tu, na nahodha amekuachia wewe uchore njia. Mkizunguka mtachelewa siku tatu, nawe utakosa harusi ya mdogo wetu Mwanaheri, na wewe ndiye walii wake wa kumwozesha tangu baba afariki. Ukasema utachora njia ya mkato, nisimwambie mtu. Nilicheka, Anuar. Hivi huyu anatafuta ushauri wangu kwa ajili ya samaki? Nikaikunja barua.

Sasa sikiliza. Tangu Oktoba watu wa Burundi wanavuka mpaka kwa maelfu, wakikimbia mauaji kwao. Lori letu limekodiwa kuwapelekea mahindi Mugoma, kule mpakani, nami huenda na Abbasi kusimamia magunia. Starta ya lori lile unaijua, imekufa tangu mwaka juzi. Likizimwa, lazima walisukume wanaume sita. Basi Abbasi hazimi. Linanguruma mpaka gunia la mwisho lishuke, na malori mengine vivyo hivyo.

Kulikuwa na mama mmoja, Iteka, aliyepotezana na bintiye Genoveva, wa miaka mitano, siku ya kuvuka. Kila tukifika tunamkuta kando ya barabara, anaita kuelekea bondeni. Mdomo nauona, sauti siisikii. Safari ya nne nilishindwa. Nikapanda nikalizima lori mwenyewe. Loo! Abbasi alinifokea mbele za watu mpaka nikatamani ardhi inimeze. Lakini madereva wengine, sijui kwa aibu au kwa mshangao, nao wakazima.

Pakawa kimya. Iteka akaita, sauti nyembamba inayopanda mwishoni, kama ya kumwita mtoto aje kula. Mara ya tatu akajibiwa. Wallahi, niliona kama ukungu wenyewe ndio uliomjibu.

Mtoto alikuwa migombani kwa Bi Bonifasia, mkulima wa pale pale Mugoma, aliyemwokota na kumlisha siku kumi na moja bila kujua ni wa nani. Kutoka barabarani hadi kwake, sigara moja haiishi kabla hujafika. Nililia, Anuar. Wanaume wanasukuma lori, mimi niko juu ya magunia nalia.

Siku hizi madereva huzima injini kwanza, wenye kuita waite. Abbasi amenunua starta mpya, na anajifanya lilikuwa wazo lake.

Usinikasirikie, barua yako nimemsomea mama. Mwanaheri naye alikuwa nyuma ya pazia anasikiliza. Nilidhani atalia. Akatoka, akasema harusi ni yake, na hataki kuozeshwa na kaka aliyepita juu ya mama anayemwita mwanawe. Bwana harusi ameafiki. Imeahirishwa wiki moja, bado kabla ya Ramadhani.

Barua hii utaikuta kwa wakala wenu bandarini kabla hamjang'oa nanga. Basi huna tena kisingizio, mdogo wangu. Chora njia ndefu. Natamani kukuona mpaka moyo unauma, lakini uchelewe.

Mama anakusalimu sana, na anasema uvae sweta. Abbasi anakusalimu. Mwanaheri anasema walii wake ni wewe, si mwingine.

Mungu akulinde wewe, na kila kinachopita chini yako.

Dada yako akupendaye kuliko unavyodhani,
Swabaha