Mbwa Wangu na Michembe ya Mama Limi

Mpendwa Mama Epifania, mshauri wetu wa redio, shikamoo. Naomba msaada. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Kambarage hapa Shinyanga, nafuga mbwa anaitwa Jeki, nilimchukua baada ya kuibiwa baiskeli, na kila alfajiri kazi yangu ni kumfungulia geti akajisaidie nje, kwa sababu mke wangu hataki kuona uchafu uani, na mimi mwenyewe ua wangu ukiwa safi najisikia mtu, sasa huko nje anaenda wapi, kusema kweli sikuwahi kujiuliza.

Jumapili nikachungulia nikamwona amechuchumaa katikati ya michembe ya jirani yangu Mama Limi, viazi alivyomenya na kukata na mkwewe siku nzima wakavianika juu ya jabali lililo mbele ya nyumba zetu, ndiyo akiba yao ya kiangazi, nami badala ya kutoka nikampigia Jeki mluzi wa chinichini, akaingia, nikafunga geti. Mama Limi alimwaga michembe yote. Alilia, mshauri.

Lawama zikamwangukia mzee Kalisti, fundi viatu aliyefiwa na mkewe mwaka jana, kwa sababu mbwa wake hafungwi na mbavu zinahesabika. Kwenye kikao cha mtaa alisema yeye na mbwa wanalala chumba kimoja na asubuhi hutoka wote kwenda kazini, watu wakacheka. Mwenyekiti akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye ninayekaa karibu na jabali. Nikajibu, "Mimi sikuona kitu." Ikaamuliwa yule mbwa auawe Jumamosi. Mke wangu anasema ninyamaze, ni mbwa tu, lakini kila asubuhi namwamkia mzee Kalisti, ananiitikia vizuri, anauliza watoto wameamkaje, na mbwa wake kasimama pembeni. Nifanyeje?

Msikilizaji wa Kambarage.

MAMA EPIFANIA ANAJIBU

Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Pole. Naona dhamiri yako bado inafanya kazi, miguu ndiyo imegoma, na leo tayari ni Alhamisi.

Kwanza tuelewane: Jeki hana kosa. Mbwa hajui jabali ni la nani. Geti ulifungua wewe, na ulichokuwa unafanya kila alfajiri si kufuga mbwa, ni kuhamishia uchafu wa kwako kwa majirani. Kinyesi cha mbwa kina minyoo, na watoto wanaocheza hapo nje ni pamoja na hao wako watatu. Halafu hilo la "ni mbwa tu", mwambie mkeo kwamba yule mzee hana mwingine wa kutoka naye asubuhi.

Sasa sikiliza. Anza kwa Kalisti, kabla ya mwenyekiti. Usitume mtu, na mkeo asije kukusaidia kuongea. Mwambie, "Mbwa alikuwa wangu, nilimwona, nikakana mbele ya watu." Akikufokea, kaa ufokewe, ulijitakia. Kisha mwende wote kwa mwenyekiti, uamuzi ufutwe mbele ya walewale waliocheka. Mama Limi mpelekee gunia la viazi, na usiliache mlangoni ukakimbia. Shika kisu umenye, ukate, uanike, wapita njia wakuone.

Jeki mpeleke kwa bwana mifugo apate dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa. Kuanzia hapo akitoka atoke na kamba, uishike wewe, na mkono wa pili ushike koleo. Akijisaidia, zoa, katupe chooni. Kama unaona aibu kuzoa, mbwa huyo mpe asiyeona aibu.

Kipindi hiki kinasikika Kambarage nzima. Majina ya wenzako nimeyabadilisha, na la kwako sijalitaja kabisa. Zima redio sasa hivi, nenda ukalitaje mwenyewe.