Shimo Letu la Jilore

Mlamu Karisa, wewe na meno yako mawili, hamjambo?

Hapa Malindi nimeifundisha kompyuta kazi. Haya, uongo: nilikuwa nakula halua kando ya mjukuu wangu Kadzo. Kompyuta yake yaonyesha moshi wa viwanda ukizikwa ardhini utatambaa wapi. Nikauliza, "Mbona silioni shimo tulilowachimbia watafuta mafuta Jilore?"

Akaacha kutafuna. "Shimo gani, babu? Lina kina gani? Moshi si utatorokea hapo!" Asipokijua kina, kazi yake ya mwaka mzima ni bure.

Mimi nilikubeba ulipoumwa na nge, nilipe sasa. Kile kijiti ulichokichonga alama kila bomba la kuchimbia likizama shimoni, kitoe kwenye mlango wa mbuzi unitumie. Usihesabu alama, hesabu zako nazijua.

Mlamuo, Kazungu