Sauti ya Barafu Uliyoniagiza

Mama,

Leo nilikwenda hospitali kuchukua vitu vyako. Ni mfuko mmoja tu: miwani, Biblia, kitenge cha kijani, simu. Nimekaa jikoni kwetu hapa Hagsätra na koti bado sijalivua. Nimekukumbuka mpaka kifua kinauma.

Unamkumbuka yule bibi wa Farsta uliyekuwa ukienda kumwogesha? Ukutani kwake kulikuwa na picha ya mto wa barafu unaoishia baharini. Ulinisimulia picha hiyo miaka na miaka, nami nikikutania kwamba barafu ipo mlangoni kwetu miezi mitano, toka nje ukaitazame. Ulicheka, lakini hukuacha. Nikakata tiketi mbili za Svalbard, kule juu kabisa ya Norwei. Kisha moyo wako ukachoka. Nilitaka kuahirisha, ukanikatalia ukiwa palepale kitandani hospitalini: "Enda, Faida. Picha niliisha kuiona. Uniletee sauti yake."

Basi nikaenda. Tulikuwa watu wanane kwenye boti ndogo, tumevaa masuti mazito ya kuzuia baridi hata viwiko havikunjiki. Shingoni nilifunga kitambaa chako cha kichwa. Tuliingia katika fjordi, mkono wa bahari uliobanwa na milima huku na huku, vipande vya barafu vikipasuka majini kama mafuta kwenye kikaango. Mbele yetu ukuta wa barafu ya buluu. Nahodha akazima injini, akatuomba tunyamaze. Tukangoja sana. Halafu upande mmoja ukaachia. Mama, kwanza niliuona ukianguka kimya, ndipo mlio ukanifikia, na boti ikapanda na kushuka. Kwenye video nasikika nikikuita: "Mama, sikia."

Ilikuwa saa sita na nusu mchana. Sikujua kwamba ulikuwa umeondoka tangu saa tano.

Kule hakuna mtandao. Tuliporudi bandarini saa tisa nikakutumia. Alama mbili zikawa za buluu. Baada ya muda likaja jibu: "Nimesikia. Rudi salama." Nikarukaruka pale gatini kama mtoto. Ningepaswa kujua. Wewe hukuandika ujumbe hata siku moja. Ulituma sauti, tena ndefu, na mlango wa jokofu ukisikika nyuma yako.

Aliyejibu alikuwa Mama Mdogo. Kwetu msafiri haambiwi msiba akiwa njiani peke yake, najua, hata mimi niliwahi kumficha binamu yangu vivyo hivyo mpaka alipofika. Lakini siku mbili zile nilikuwa nazunguka madukani nikikutafutia soksi za sufu, Mama. Soksi. Nilipofungua mlango wa nyumbani nilikuta viatu vimejaa sebuleni na akina mama wa kanisa wamekaa chini. Wakaacha kuimba. Nikamwambia Mama Mdogo mbele ya wote: "Umenifanya nicheke huku mama yangu amekufa."

Tangu tukuzike, kila wiki analeta sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwenye bakuli, analiacha mlangoni, anarudi zake Husby. Sijamfungulia hata mara moja. Namsikia anavyopumua kwa zile ngazi, nami nasimama tu upande wa pili wa mlango.

Leo muuguzi aliponikabidhi mfuko akaniuliza kama mimi ndiye binti wa barafu. Sikumwelewa. Akasema siku ile mdogo wako alifunga mlango wa chumba, akaketi kando yako, akakushikia simu sikioni. Video ikiisha, anaianzisha upya. Akaendelea hivyo mpaka walipokuja kukuchukua.

Nikawasha simu yako nikingoja treni ya kurudi. Video iliingia saa tisa na dakika tano. Lile jibu liliandikwa saa tisa na nusu. Kumbe alikusikilizisha kwanza, ndipo akaandika.

Nimelia, Mama, nimelia nikiwa nimesimama kwenye kituo cha treni, watu wakitazama viatu vyao.

Ile video sijaifungua tena. Naiogopa sauti yangu iliyomo. Lakini Jumamosi nitakwenda Husby na mabakuli yote ya Mama Mdogo, nitapiga magoti mlangoni kwake nimwombe msamaha, kisha tutaisikiliza pamoja, mimi na yeye. Hilo nakuahidi.

Pumzika sasa, Mama yangu. Soksi zako nimezivaa mimi.

Mwanao,
Faida